Dawa ya Deni: Kulipia Kosa katika Riwaya Mbili za Kiswahili

Waswahili husema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hii hutajwa sana sokoni na dukani, mahali ambapo kila deni lina hesabu yake: shilingi mia zilizokopwa hurudishwa shilingi mia, na kibaba cha unga hurudishwa kibaba cha unga. Aliyelipa hulala, na aliyelipwa hunyamaza. Lakini yako madeni mengine ambayo hayana daftari wala mizani. Mtu aliyemvunjia mwenziwe heshima, au aliyemsingizia, au aliyempora jasho lake, naye pia ni mdeni. Ila akitaka kulipa hajui apime kwa kipimo gani. Hapo ndipo lugha humpa maneno mengi mazuri, na aghalabu maneno hayo humpa nafasi ya kukimbia. Atasema samahani, atasema niwie radhi, atasema yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Kisha ataondoka akiamini kuwa deni limekwisha.

Insha hii yachunguza jinsi waandishi wetu wawili walivyolitazama deni la namna hiyo. Wa kwanza ni Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, katika kitabu chake Adili na Nduguze kilichotolewa mwaka 1952. Wa pili ni Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki mwaka 2020, katika riwaya yake Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012, ambayo wanafunzi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne tangu mwaka 2013 hadi mwaka 2017. Kati ya vitabu hivi viwili imepita miaka sitini. Kimoja kina wafalme na majini. Cha pili kina mtemi, mwalimu mlevi, na mswada wa kitabu. Hata hivyo vyote viwili vyauliza swali moja: mtu aliyemkosea mwenziwe alipe nini hata aweze kuitwa mtu tena?

Kabla ya kuvifungua vitabu hivyo, ni haki msomaji ajue kwa nini jambo hili lanigusa. Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu kijana, sijakaa sana tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na kituo cha matatu cha Olympic, Kibera. Kidato cha tatu kilikuwa kikisoma Kidagaa Kimemwozea. Siku moja niliwapa wanafunzi methali, nikawataka waandike insha juu yake. Niliposahihisha nilikuta insha mbili zilizofanana aya kwa aya, hata mifano yake ilikuwa ile ile. Moja iliandikwa na mvulana aliyeketi mbele, mwenye ulimi mwepesi na alama nzuri. Ya pili iliandikwa na msichana aliyeketi nyuma, asiyesema sana, ambaye alama zake za nyuma zilikuwa za kadiri.

Sikuuliza. Nilisimama mbele ya darasa nikamwita yule msichana mwizi wa maandishi. Nilichana kurasa zake, nikampa sifuri, na kwa kuwa nilitaka kuonekana hodari wa maneno, nikasema kuwa darasa letu limempata Mwalimu Majisifu wake. Wanafunzi walicheka. Sifuri ile iliingia katika ripoti ya muhula, na ripoti ikaenda nyumbani. Baada ya majuma matatu mvulana yule alinijia akitetemeka. Alisema kuwa yeye ndiye aliyeazima daftari la mwenzake akanakili kila kitu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemtuza mwizi na kumwadhibu mwenye mali.

Nilimwita msichana katika chumba cha walimu wakati wa chakula cha mchana, hapakuwa na mtu mwingine, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Alinisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa sakafuni. Nilipomaliza alisema, "Mwalimu, uliniita mwizi mbele ya darasa zima. Sasa waniomba radhi hapa tukiwa wawili?"

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo nililorudi nalo vitabuni, na ndilo ninalomwomba msomaji alishike mkononi katika kurasa zinazofuata.

Tuanze na Adili na Nduguze. Majina ya ndugu hawa watatu yatuambia tabia zao kabla hawajatenda lolote, maana ndiyo desturi ya Shaaban Robert. Adili ni mwenye haki. Nduguze wawili ni Hasidi na Mwivu. Adili aliwatendea wema, lakini wema wake uliwachoma. Kwa wivu walimtupa baharini ili afe, nao warithi alivyokuwa navyo. Adili aliokolewa na Huria, jini ambaye Adili mwenyewe alikuwa amemtendea hisani siku za nyuma. Huria akawageuza ndugu wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili alitii amri hiyo kwa machozi. Aliwapiga kwa sababu alilazimishwa, na baada ya kuwapiga aliwabembeleza na kuwalisha. Hali ile ilidumu mpaka mjumbe wa mfalme alipoigundua siri, na Mfalme Rai akaingilia kati kuwaombea, ndipo wakarudishiwa umbo la kibinadamu.

Msomaji wa haraka huona hapa hadithi ya adhabu inayostahili: waliotenda uovu walipata malipo yao. Lakini tazama vizuri picha ile ya usiku. Ni nani hasa anayeteswa? Nyani anaumia ngozi, na Adili anaumia moyo. Aliyekosewa ndiye aliyebebeshwa mjeledi. Kila usiku analazimika kulikumbuka kosa alilotendewa, na kila asubuhi anaamka akiwa na huzuni mpya. Adhabu ile haikumrudishia Adili kitu hata kimoja. Haikumpa ndugu, haikumpa usingizi, wala haikumpa neno. Shaaban Robert, ambaye watu wengi humtaja kwa mafundisho yake ya wema, hapa ametuchorea bila kelele udhaifu wa adhabu tupu: yaweza kumwumiza mkosaji miaka mingi bila kulipunguza deni hata senti moja.

Tena kuna jambo la pili ambalo naliona kubwa zaidi. Nyani hana maneno. Hasidi na Mwivu walipogeuzwa wanyama walinyang'anywa kile kiungo ambacho mkosaji hukihitaji kuliko vyote, yaani ulimi wa kukiri. Walipokuwa manyani waliweza kulia, kujikunyata na kupokea mapigo, lakini hawakuweza kusema, "Tulikutupa baharini kwa sababu tulikuonea wivu." Kwa hiyo miaka ya mapigo ilikuwa miaka iliyosimama. Malipo ya kweli yangeweza kuanza siku ile tu waliporudishiwa utu. Mnyama huadhibiwa, mtu hulipa. Naona hilo ndilo fundisho lililofichwa ndani ya ngozi ya manyani, nalo ni la maana kuliko onyo la kawaida kuwa wivu ni mbaya.

Hata hivyo kitabu hiki kina upungufu wake, na mhakiki hapaswi kuuficha kwa sababu ya heshima aliyo nayo kwa mwandishi. Ukombozi wa Hasidi na Mwivu ulitoka juu. Mfalme aliomba, na wenye nguvu za majini wakakubali. Sisi wasomaji tulitaka kuona zaidi yale yaliyofuata baina ya ndugu wenyewe: siku ya kwanza walipoketi kula pamoja, mkono wa nani ulitetemeka? Ni nani aliyeanza kusema? Walirudisha nini? Hadithi za zamani hupenda kufunga jambo kwa amri ya mfalme, na amri ya mfalme yaweza kufungua kifungo. Lakini haiwezi kulipa deni la ndugu kwa ndugu.

Sasa tumgeukie Walibora, maana katika Kidagaa Kimemwozea hakuna jini wa kumgeuza mtu nyani, wala mfalme mwema wa kuomba. Katika nchi ya Tomoko, katika eneo la Sokomoko, mtawala mwenyewe ndiye mkosaji mkuu. Mtemi Nasaba Bora amehusika na kifo cha Chichiri Hamadi, babu yake Amani, na ametwaa ardhi ya watu kwa hila. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, hakumwaga damu ya mtu, lakini ametenda wizi wa aina nyingine. Amani aliandika mswada wa riwaya. Majisifu aliuchukua akautoa kwa jina lake mwenyewe, akapata sifa ya uandishi ambayo haikuwa yake. Hivyo kijana mmoja, Amani, ni mdai wa ndugu wawili. Mmoja ana deni la damu na ardhi, na mwingine ana deni la jina.

Mwandishi amewaongoza ndugu hawa kwa njia mbili zinazotengana, na katika kutengana huko ndimo ulimo uzito wa riwaya. Uovu wa Nasaba Bora ulipofichuka, Mtemi alijinyonga. Wanafunzi wangu wengi walifurahi waliposoma sehemu hiyo, wakasema kuwa sasa amelipa. Mimi sikubaliani nao. Kifo chake hakikumrudishia mtu yeyote shamba, wala hakikumfufua Chichiri Hamadi. Hakukaa mbele ya wale aliowadhulumu akasikiliza hata mmoja wao. Kamba ilimpeleka mdeni mahali ambapo mdai hawezi kumfuata. Tukilinganisha na Adili na Nduguze twaona kuwa mambo haya mawili, mapigo ya nyani na kifo cha Mtemi, ni ndugu moja. Yote mawili ni maumivu ya mkosaji, na yote mawili hayampi chochote aliyekosewa.

Majisifu amepewa njia ngumu zaidi, nayo ni kuishi. Mwishowe anakiri kuwa aliiba kazi ya Amani, anaomba radhi, na Amani anasamehe. Wako watakaosema kuwa msamaha huu ni mwepesi mno, na kwamba mwandishi amependa mno kuona watu wakipatana. Lawama hiyo ina haki kidogo. Amani ameumbwa mwema hata wakati mwingine hafanani na vijana tunaowajua, na jina lake lenyewe latuonya mapema kuwa hatashika kisu. Lakini wenye kutoa lawama hiyo wamesahau kutazama jalada la kitabu. Mswada ulioibwa katika hadithi uliitwa Kidagaa Kimemwozea. Kitabu tunachokishika mikononi nacho chaitwa Kidagaa Kimemwozea. Jina lililoporwa ndani ya hadithi limerudishwa nje ya hadithi, na kila mwanafunzi aliyekifungua kitabu hicho amekuwa shahidi kuwa mwenye maneno haya alikuwa Amani wala si Majisifu.

Huu ni ufundi, lakini tena ni zaidi ya ufundi. Aliyeibiwa jina hawezi kulipwa fedha peke yake, kwa kuwa kilichochukuliwa si fedha peke yake. Jina liliporwa mbele ya watu, nalo hurudishwa mbele ya watu. Msichana wa darasa langu alilijua jambo hili bila kufundishwa na mhakiki yeyote.

Yuko mtu mwingine katika riwaya hii ambaye watahini humtaja kwa ufupi, nami naona astahili kutajwa kwa kirefu. Ni Madhubuti, mwana wa Mtemi, aliyerudi kutoka masomoni Urusi. Madhubuti hakumwua mtu, wala hakutwaa shamba la mtu. Angaliweza kusema kwa haki kuwa makosa ya baba si yake. Lakini aliona kuwa ingawa mtoto harithi kosa, aweza kuirithi mali ya kosa. Chakula alichowekewa mezani kilitoka katika mashamba ya watu wengine. Kwa hiyo alikataa kujipatia nafasi kwa mgongo wa baba yake, akajitenga na utajiri ule, akasimama upande wa waliodhulumiwa. Katika Madhubuti, Walibora amefika mbali kuliko Shaaban Robert. Ameonyesha kuwa lipo deni lisilomwisha mtu kwa sababu tu hakulikopa mwenyewe.

Fikira hiyo ya Madhubuti yatuvusha kutoka vitabuni hadi katika historia, maana serikali na mataifa nayo hurithi mali ya makosa ya waliotangulia. Yafaa tuchukue jicho lile lile tulilosomea riwaya, tulitumie kusoma mambo yaliyotendeka.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama katika Bunge la nchi yake kusema juu ya Wakenya walioteswa katika kambi za kizuizi wakati wa vita vya Mau Mau. Miaka minne kabla ya hapo, wazee wachache walikuwa wamefungua kesi London. Waziri alikubali kuwa Wakenya waliteswa, akasema serikali yake yasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Mnara wa ukumbusho, uliojengwa kwa msaada wa fedha za Uingereza, ulifunguliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwezi Septemba 2015. Hapa mambo kadhaa yalitimia: kosa lilitajwa, tena hadharani, kitu kilitolewa, na alama ikasimamishwa mahali pa watu wengi. Lakini katika hotuba ile ile Waziri alisema kuwa serikali yake bado haikubali dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Mhakiki wa maneno hawezi kuipita sentensi hiyo. Ni kama mtu anayerudisha mbuzi wa jirani huku akisema kuwa hakumchukua. Mbuzi amerudi, nasi twashukuru. Lakini jirani bado ana jambo moyoni.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mahali ninapoandikia. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari waliotoka Sudan wakaingizwa katika jeshi la Waingereza. Walikaa hapa tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na jina la Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hili la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Lakini askari wale hawakupewa hati. Vizazi vikapita, mji ukakua, mitaa ikajengwa, na watu wa makabila mengine wengi wakaja kukaa. Wanubi wakabaki wakihesabiwa kama watu wanaokaa kwa hisani tu. Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288. Je, deni limelipwa? Hati si maneno matupu. Ni kitu chenyewe kilichorudishwa, tena kwa wenyewe, tena hadharani. Lakini ni 288 kati ya zaidi ya 4,000, na wazee wengi waliongoja hati ile walikwisha kuzikwa. Msomaji apime mwenyewe. Mimi nasema tu kuwa sehemu ya deni iliyolipwa kwa mkono ina uzito kuliko deni zima lililolipwa kwa ulimi.

Tena wako walioishi Kibera katika siku zile zilizofuata kutangazwa kwa matokeo ya uchaguzi, tarehe 30 Desemba 2007. Vibanda vya soko la Toi viliteketea, reli ing'olewayo na vijana ikaonekana katika magazeti ya dunia, na majirani wakakimbiana. Msanii mmoja wa Kibera, Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alipita akiandika maneno ya amani katika kuta na milango. Kazi ile ilikuwa njema, na huenda iliokoa nyumba nyingi. Lakini ukuta wenye neno la amani ni mlango tu. Mwanamke aliyechomewa kibanda chake cha nguo alikuwa akingoja jambo jingine, nalo ni mtu mmoja, mwenye jina na uso, aje aseme, "Ni mimi niliyewasha," kisha ainue bati la kwanza la kibanda kipya. Wako waliopata bahati hiyo na wako ambao wangali wakingoja. Kibera ina makanisa na misikiti mingi, na katika jambo hili mafundisho yao hayapingani. Wakristo husoma habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Waislamu hufundishwa kuwa toba kwa Mungu haiondoi haki ya mja mpaka mja mwenyewe arudishiwe haki yake au asamehe.

Nimesema mengi juu ya madeni ya watu wengine. Ni wakati wa kurudi kwenye lile langu.

Siku ya pili baada ya swali la yule msichana, niliingia darasani nikasimama mahali pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile. Nilisema kuwa nilimwita mwenzao mwizi, kuwa hakuwa mwizi, na kuwa niliamua bila kuuliza kwa sababu niliamini kuwa mtu wa viti vya nyuma hawezi kuandika vizuri. Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kutoka. Sikulitaja jina la mvulana. Deni lake lilikuwa lake, naye alilipa baadaye kwa njia yake. Darasa lilikuwa kimya. Wengine walinitazama kwa namna ambayo mwalimu hapendi kutazamwa, nami nilifahamu kuwa sehemu ya heshima niliyokuwa nayo imeondoka. Lakini heshima ile nilikuwa nimeipata kwa kumvua mtu mwingine ya kwake, kwa hiyo haikuwa yangu.

Kurasa zilizochanwa hazikuweza kuungwa. Vipande vingine vilikuwa vimetupwa. Nilikaa jioni mbili nikinakili kwa mkono wangu vile vilivyobaki katika daftari jipya, na mahali palipokosekana maneno niliacha nafasi. Nilirekebisha alama, nikaandika ripoti mpya. Kisha niliipeleka mwenyewe nyumbani kwao, kwa maana sifuri ya kwanza ilikuwa imefika huko.

Mama yake aliuza mboga kando ya njia. Alinikaribisha akafuta kiti kwa kanga. Nilimpa ripoti nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Siku ile alilia akaniambia hakuiba. Mimi nikamwambia mwalimu hawezi kusema uongo." Alimtazama binti yake, wala hakunitazama mimi. Ndipo nilipofahamu kuwa kosa langu halikuishia darasani. Lilikuwa limeingia nyumbani kwa watu na kumfanya mama amkane mwanawe. Naye mama sasa alikuwa na deni alilokopeshwa na mimi.

Msichana hakuniambia kuwa amenisamehe. Alipokea daftari, akalifungua, akazitazama zile nafasi nilizoziacha. Alisema, "Hapa nakumbuka nilivyoandika," akaomba kalamu. Sikujua kama ule ulikuwa msamaha, wala sikuuliza. Nimejifunza kuwa mdeni hana haki ya kudai risiti.

Basi, kijana msomaji, utakapokutana tena na mkosaji katika riwaya, tamthilia au utenzi, usiridhike na swali la kawaida la mtihani kuwa mhusika huyu alipata adhabu gani. Adhabu ni rahisi kwa mwandishi. Huletwa kwa jini, kwa polisi, kwa ajali au kwa kamba. Uliza kama mkosaji amelitaja kosa kwa jina lake hasa. Uliza kama amerudisha kile alichochukua, na kama amekirudisha mahali pale pale alipokichukulia. Uliza pia kama amemwachia aliyekosewa hiari ya kusamehe au kutosamehe. Kwa maswali haya utaona kuwa Hasidi na Mwivu waliteswa sana kabla hawajalipa chochote, kuwa Nasaba Bora alikufa akiwa mdeni, na kuwa Majisifu, mlevi na mwizi wa maandishi, alianza kulipa siku alipofungua kinywa.

Na ikiwa, katika kumchunguza mhusika wa kitabuni, utamkumbuka mtu mmoja wa kweli anayekudai, usingoje mpaka ufunge kitabu.